Kabla hujanunua kiwanja barabarani Ilula

Swali: Nimeuza vitunguu, nina akiba kidogo. Dalali amenionyesha kiwanja kando ya lami. Ninunue?

Jibu: Chukua futikamba kwanza, ndugu yangu, upime kuanzia katikati ya lami. Lami hiyo ni ya TANZAM, barabara kuu, na Sheria ya Barabara ya 2007 imeipanua hifadhi kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande. Hapo ndipo zilipotoka alama za X zinazochorwa kwenye kuta za nyumba. Nyekundu maana yake umeifuata barabara, unabomolewa bila fidia. Kijani, barabara imekufuata wewe, unastahili kulipwa. Anayejenga leo ndani ya mita 30 asitegemee kijani. Mwaka 2017, kando ya barabara hiihii, zilibomolewa nyumba nyingi kule Kimara, Dar es Salaam, ambako hifadhi ni pana zaidi ya hapo. Kwa hiyo kaulize TANROADS. Dalali hula kamisheni hata kiwanja kikiwa mtaroni.

Swali: Muuzaji ana karatasi ya mauziano yenye mhuri wa mwenyekiti. Haitoshi?

Jibu: Haitoshi. Mhuri ule unaonyesha kwamba watu walikaa wakaandikiana. Hausemi kama muuzaji ndiye mwenye ardhi. Ilula ni mji mdogo unaopanuka kuyafuata mashamba, hivyo ujue kwanza unanunua nini. Ikiwa bado ni ardhi ya kijiji, Sheria Na. 5 ya 1999 inataka halmashauri ya kijiji iridhie. Ikiwa ni kiwanja kilichopimwa na kina hati, chukua namba yake ukafanye upekuzi kwa msajili wa hati. Huko utaona jina la mmiliki, mkopo wa benki na zuio la mahakama kama lipo.

Kisha kuna familia, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Kaka mkubwa anauza shamba la marehemu baba bila kuteuliwa msimamizi wa mirathi. Wadogo zake wako Dar au Mbeya, na madai ya ardhi yana muda wa miaka 12 kisheria. Wanaweza kurudi kulidai wewe umeshapaua. Nyumba ya ndoa nayo haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi. Ndivyo isemavyo Sheria ya Ndoa ya 1971. Ukiambiwa "mama yuko shamba", subiri arudi asaini.

Swali: Nikikopa nijenge fremu sita, kodi italipa mkopo?

Jibu: Anza na mbili, kwa akiba yako. Pesa ya Ilula ni nyanya na vitunguu. Bei ya tenga ikianguka, duka la pembejeo, mgahawa na gesti vyote vinayumba pamoja, lakini benki inataka rejesho kila mwezi. Nawe pia ni mkulima: shamba likikuangusha, mpangaji naye anakuomba umvumilie mwezi uleule.

Swali: Si nitauza tu mambo yakibana?

Jibu: Kiwanja chenye hati benki hukikubali kama dhamana, na wanunuzi wake ni wengi. Kisicho na hati kinamsubiri mwenye pesa taslimu, naye atakutajia bei baada ya kusikia kwamba mwanao anadaiwa ada ya chuo.