Mtoto Yuko kwa Nani? Familia, Shule na Jumuiya katika Malezi ya Mwanafunzi



Wapendwa, Injili ya Luka (2:41-52) inatusimulia jinsi Yesu, akiwa na umri wa miaka 12, alivyobaki Yerusalemu baada ya sikukuu ya Pasaka. Maria na Yosefu walitembea mwendo wa siku nzima wakiamini kwamba yuko na wenzao wa safari. Walimtafuta kwa ndugu na jamaa, wakamkosa. Baada ya siku tatu walimkuta Hekaluni, ameketi kati ya walimu.

Wazazi, jamaa wa safari na walimu: pande hizo tatu ndizo somo letu la leo. Hata katika familia takatifu, mtoto alikosekana siku nzima kwa sababu ilidhaniwa tu kwamba yuko na wengine.

Mfano wa siku zetu

Tuchukue mfano wa kijana wa kidato cha pili. Kila asubuhi anavaa sare na kuaga nyumbani, lakini anashinda kwenye kijiwe cha bodaboda. Mama anamwona akitoka na kurudi, anaridhika. Mwalimu wa darasa anaandika utoro kwenye daftari la mahudhurio, kisha anampa mwanafunzi mwenzake barua ya kumwita mzazi, barua haifiki. Jumuiya inasali nyumbani kwao, inaimba, inatoa matangazo na kutawanyika. Hakuna aliyeuliza: kijana wetu anaendeleaje na masomo? Ukweli unajulikana mtihani wa taifa ukiwa umekaribia.

Hapo hakuna mtu mbaya. Mama anampenda mwanawe, mwalimu ametimiza kazi yake, jumuiya imesali. Kilichokosekana ni kuzungumza.

Kanisa linafundisha nini?

Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya Elimu ya Kikristo, la tarehe 28 Oktoba 1965, linafundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Shule huwasaidia, haichukui nafasi yao. Sheria ya Kanisa, Kanuni ya 796, inawataka wazazi washirikiane kwa karibu na walimu, na walimu nao wawasikilize wazazi kwa moyo. Basi kikao cha wazazi shuleni nacho ni sehemu ya wito wa ndoa.

Nchini Tanzania, mwaka 2016 ada iliondolewa katika shule za serikali hadi kidato cha nne. Tunashukuru. Lakini ada ilipoondoka, wajibu wa mzazi haukuondoka. Sare, madaftari na chakula bado ni juu yake, na zaidi ya hayo, kumfahamu mwanawe.

Jumuiya ifanye nini?

Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia AMECEA, waliweka mkazo katika kujenga jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Jumuiya ina kitu ambacho ofisi ya shule haina: inakutana nyumbani kwa watu, kila juma. Inaweza kuanza hivi:

1. Kufahamu watoto wa jumuiya kwa majina na madarasa yao, na kuwaulizia. Aliye na shida nyumbani asiulizwe mbele ya wote. Mwenyekiti au mama mmoja anayeaminika amtembelee mzazi faraghani.

2. Kumsindikiza mzazi anayeogopa kwenda shuleni. Wapo wasioingia ofisi ya mwalimu kwa sababu hawakusoma, au wanahofia kudaiwa michango. Jirani akienda pamoja naye, mlango unakuwa mwepesi. Lakini mzazi ndiye azungumze.

3. Kuomba ukumbi wa parokia utumike jioni kwa kujisomea. Nyumba nyingi hazina taa wala meza. Wasimamizi wawe watu wazima wasiopungua wawili, mahali pa wazi, na wazazi wawe wameridhia. Mtoto wa jirani Mwislamu au Mlutheri naye akaribishwe, kwani wanasoma darasa moja.

4. Kumpokea binti aliyeacha shule kwa ujauzito. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu arudi katika shule ya serikali. Mara nyingi kinachomzuia ni aibu, na kukosa wa kumlelea mtoto. Hapo mama zetu wa WAWATA wana kazi ya huruma iliyo wazi kabisa.

Neno kwa mafrateri

Frateri anapokuwa kwenye utume parokiani, vijana humweleza yale wasiyomwambia baba. Hilo ni jambo jema, lakini lina mtego wake: asijifanye mzazi wa pili. Amsaidie kijana kurudi kuzungumza na wazazi wake. Hata Yesu, baada ya kukaa na walimu, alirudi Nazareti pamoja na wazazi wake akawatii, na huko akaendelea kukua katika hekima na kimo.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya

- Mzazi, mara ya mwisho ulizungumza lini na mwalimu wa mwanao bila kuitwa?
- Mwalimu, mzazi akifika ofisini kwako anasikilizwa, au anasomewa makosa tu?
- Je, katika jumuiya yetu yuko mtoto ambaye kila mmoja anadhani yuko kwa mwenzake?