Kura ya mtafiti Lubumbashi: kazi kubwa iko kwenye orodha

Uchaguzi wa chama cha wafanyakazi katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi unaanzia kwenye daraja la mpiga kura. Wanaofundisha na kutafiti wako katika makundi mawili: kundi la kisayansi, lenye maasistanti na wakuu wa kazi wanaoitwa CT, na kundi la maprofesa. Hali ya kazi ya wote imewekwa na sheria namba 18/038 ya tarehe 29 Desemba 2018. Kila kundi lina chama chake, kwa hiyo kila mtu hupiga kura kule ambako karatasi zake zinamweka, hata kama kazi anayoifanya ni ya kule kwingine.

Anayeumia zaidi hapa ni mtafiti aliyemaliza udaktari. Kwingine ana cheo chake na sauti yake. Watafiti wa namna hiyo katika Chuo Kikuu cha California walipata chama kinachotambuliwa mwaka 2008 na mkataba wao wa kwanza mwaka 2010. Desemba 2023, watafiti vijana wa taasisi za taifa za afya za Marekani, NIH, walikubali chama kwa kura 1,601 dhidi ya 36. Lubumbashi cheo hicho hakipo. Anayerudi na udaktari wake kutoka Liège au Leuven anabaki asistanti au CT kwenye karatasi mpaka uteuzi wa uprofesa utoke, na kungoja huko kunaweza kuwa kurefu. Katika muda huo kura yake ni ya kundi la kisayansi, na huko ndiko anakopaswa kuitumia badala ya kukaa kando akisubiri kuitwa Prof.

Haki yenyewe haina mashaka. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inalinda uhuru wa vyama vya wafanyakazi katika kifungu cha 38 na haki ya kugoma katika kifungu cha 39. Mji huu uliilipia haki hiyo mapema. Desemba 1941, ulipokuwa bado ukiitwa Elisabethville, wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière waliogoma walipigwa risasi kwenye uwanja wa mpira, na msemaji wao Léonard Mpoyi akauawa. Kisha kuanzia 1967 vyama vyote vikafungwa katika kimoja cha taifa, kilichokuja kuitwa UNTZA, mpaka mlango wa vyama vingi ulipofunguliwa tarehe 24 Aprili 1990. Wazee wa chuo wanaokumbuka miaka ile hawachezi na kura.

Mambo ya siku yenyewe ya kura ni mepesi: kadi ya kazi, risiti ya michango, alama moja, karatasi ikunjwe. Kura nyingi zinapotea kabla ya hapo, kwenye orodha ya wapiga kura, na chanzo ni majina.

Mkongo ana jina, postinomu na prenomu. Mwaka 1972 Rais Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo, watu wakashika postinomu. Marufuku ilipokwisha prenomu zikarudi, na postinomu haikuondoka. Tuseme mtu anaitwa Ilunga Ngoy Pierre. Hati yake ya uteuzi inamweka kwenye I. Diploma aliyoipata Ulaya inasema Pierre Ilunga Ngoy, na karani anayeinakili humweka kwenye P, au kwenye N akidhani jina la mwisho ndilo la ukoo. Halafu inakuja tahajia: Ngoy huandikwa Ngoie au Ngoyi, Mwamba huwa Muamba, Tshibangu huwa Chibangu. Na kwa kuwa Katanga imejaa akina Ilunga na Kasongo, wawili wenye jina moja katika fakilti moja si ajabu. Mmoja akitia sahihi kwenye mstari wa mwenzake, wa pili anaambiwa mezani: "Papa CT, wewe umekwisha kupiga." Foleni iko nyuma yake, na hakuna anayetaka kumsikiliza.

Dawa yake ni kwenda mapema, siku orodha inapobandikwa, na kujitafuta kwa herufi ya kila jina kati ya yale matatu, kisha kwa kila tahajia. Baada ya hapo orodha ya fakilti nzima inasomwa kwa kidole, juu mpaka chini, maana makosa mengine hayafuati alfabeti. Jina likipatikana, namba ya matrikule inalinganishwa tarakimu kwa tarakimu na ile ya karatasi ya mshahara. Hiyo ndiyo inayotenganisha akina Ilunga wawili. Ukurasa unapigwa picha, pamoja na kichwa chake, tarehe na mhuri.

Kosa likionekana, barua inaandikwa siku hiyohiyo, nakala mbili: moja inabaki kwa kamati, ya pili inarudi na mwenyewe ikiwa na mhuri wa kupokelewa. Maneno ya mdomo na ahadi ya "tutarekebisha, Mama Assistant" hayana thamani mbele ya meza ya kura. Nakala hizo zikitolewa katika vibanda vya fotokopi karibu na chuo, inafaa kulipa zaidi kidogo kwenye mashine ya leza yenye jenereta. Karatasi za wino wa maji ni rahisi, lakini tone moja la mvua ya Januari linafuta matrikule.

Wanaoitwa NU, waliokwisha kuajiriwa lakini hawajaingia kwenye mishahara, hawana karatasi ya mshahara ya kulinganisha. Watumie barua ya kupangiwa kazi. Chama kinachowanyima kura hao kinawaacha nje wale wanaokihitaji kuliko wote, na kanuni ya namna hiyo inapaswa kupingwa katika mkutano mkuu, kabla tarehe ya uchaguzi haijatangazwa.

Baada ya kura kuna kuhesabu. Mpiga kura mwenye nafasi abaki aone karatasi zikifunguliwa, ahakikishe jumla ya kura hailingani tu na karatasi zilizomo sandukuni bali pia na sahihi zilizo kwenye orodha, kisha apige picha PV, yaani ripoti ya matokeo, iliyotiwa sahihi na mashahidi wa wagombea. Malalamiko yoyote hupelekwa kwa maandishi ndani ya muda uliowekwa na kanuni za chama, yakiwa na picha hiyo na ile ya orodha.