Arabuni, Kampuni na Mdhamini: Kiswahili katika Masomo ya Sheria ya Biashara Kisumu

Miongoni mwa kozi ambazo wanafunzi wa shahada ya kwanza ya biashara huziogopa, sheria ya biashara haikosi kutajwa. Katika vyuo vikuu vya Kisumu na Maseno, kama kwingineko nchini Kenya, kozi hii hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi hukariri kesi ya Bi. Carlill, iliyoamuliwa London mnamo Desemba 1892, kuhusu kampuni iliyoahidi pauni 100 kwa yeyote ambaye angetumia dawa yake kama ilivyoelekezwa na bado akashikwa na homa ya mafua. Majina ya majaji anayajua, na tarehe anaijua. Lakini akiulizwa iwapo mchuuzi wa samaki wa soko la Kibuye ana haki gani dhidi ya mwenye mashua wa Dunga aliyemgeuka asubuhi, mara nyingi hukwama. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya ugumu huo hutokana na istilahi, wala si sheria yenyewe, na kwamba Kiswahili kina maneno yanayoweza kuufungua mlango huo. Hata hivyo, kuna pahali Kiswahili chenyewe hutatiza, na hapo pia patatajwa.

Ni vyema kuanza na asili ya sheria yenyewe. Kifungu cha 2 cha Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, kinaagiza kwamba sheria ya mikataba ya Uingereza, ile iliyojengwa na maamuzi ya mahakama, itumike nchini Kenya pamoja na marekebisho yake. Kabla ya mwaka 1961 iliyotumika ilikuwa Sheria ya Mikataba ya India ya 1872. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, nayo imenakiliwa kwa kiasi kikubwa kutoka sheria ya Uingereza ya 1893. Si ajabu, basi, kwamba mwanafunzi wa Nyanza husoma habari za viatu vya Whitechapel na dawa za mafua za London ilhali ziwa limejaa mifano mbele ya macho yake.

Chukua mfano huu wa kubuni. Mchuuzi wa Kibuye anampigia simu mwenye mashua jioni. Wanakubaliana kwamba kesho yake alfajiri atanunua kilo 50 za mbuta kutoka katika mavuno ya usiku huo, kwa shilingi 300 kila kilo. Mchuuzi anatuma shilingi 500 kwa M-Pesa. Alfajiri mashua inatia nanga ikiwa na samaki tele, lakini wakala wa kiwanda amekwisha kufika na lori lake, naye anatoa shilingi 380. Mwenye mashua anamuuzia samaki wote, kisha anamrudishia mchuuzi shilingi zake 500 na kumwambia kuwa hakukuwa na maandishi yoyote baina yao.

Je, hoja ya maandishi ina nguvu? Kifungu cha 6 cha Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa kinasema kwamba mkataba wa kuuza bidhaa zenye thamani ya shilingi 200 au zaidi hauwezi kudaiwa mahakamani ila mnunuzi awe amepokea sehemu ya bidhaa hizo, au awe ametoa kitu cha kuufunga mkataba, au sehemu ya malipo, au pawe na maandishi yaliyotiwa sahihi na mtu anayedaiwa au wakala wake. Kiwango hicho cha shilingi 200 kina historia yake: sheria ya Uingereza ilisema pauni 10, na pauni moja ilihesabiwa kuwa shilingi 20. Waingereza wenyewe walikifuta kifungu chao mwaka 1954. Leo ngege mmoja mkubwa aweza kuifikia thamani ambayo mtunga sheria aliiona kuwa ya biashara nzito.

Hapo ndipo Kiswahili kinapomsaidia mwanafunzi. Neno la Kiingereza lililotumika katika kifungu hicho kwa maana ya kitu cha kuufunga mkataba ni la kale mno, na katika matumizi ya kila siku humaanisha moyo wa dhati. Wanaolikuta kwa mara ya kwanza hudhani sheria inadai mnunuzi awe na nia njema. Kiswahili kina neno arabuni. Yeyote aliyewahi kuweka arabuni ya kitanda kwa seremala anajua kwamba arabuni si bei, na kwamba kazi yake ni kumfunga muuzaji asiipeleke mali kwa mwingine. Neno hili tumelipokea kutoka Kiarabu, nalo ni ndugu wa neno la Kilatini ambalo wanasheria wa Roma walilitumia kwa jambo lilo hilo. Inafaa kukumbuka pia kwamba wanazuoni wa Kiislamu walihitilafiana kuhusu mauzo ya arabuni: madhehebu ya Hanbali yaliyaruhusu, ilhali Shafii, madhehebu ya Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, hayakuyaruhusu. Neno lilidumu sokoni hata hivyo. Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika katika daftari lake kwamba kifungu cha 6 kinahitaji kupokea, arabuni, sehemu ya malipo au maandishi, amekielewa kifungu hicho kwa mstari mmoja. Shilingi 500 za mchuuzi, ziwe arabuni au sehemu ya malipo, zinatosha. Kuzirudisha hakuufuti mkataba.

Kuna swali la pili, ambalo watahini hulipenda. Mkataba ulifungwa jioni, samaki wangali majini. Yawezekanaje kuuza kisichokuwepo? Sheria inaruhusu kuuza bidhaa zitakazopatikana baadaye, na inataja waziwazi bidhaa ambazo kupatikana kwake kunategemea tukio linaloweza kutokea au kutotokea. Samaki wa usiku ni mfano halisi. Ila katika hali hii kuna ahadi ya kuuza tu. Umiliki haujahama, kwani haiwezekani kummilikisha mtu kilo 50 ambazo hakuna ajuaye ni zipi. Kwa sababu hiyo mchuuzi hawezi kulifuata lori na kudai kuwa samaki ni wake. Haki yake ni fidia, na kipimo chake cha kawaida ni tofauti kati ya bei ya mkataba na bei ya soko siku ya kukabidhi. Ikiwa bei ya soko asubuhi hiyo ilikuwa shilingi 380, tofauti ni shilingi 80, nazo zikizidishwa kwa kilo 50 zinakuwa shilingi 4,000. Kwa mwenye lori si kitu. Kwa mchuuzi aweza kuwa ndiye aliyeanguka mtaji. Tangu Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016, dai kama hilo laweza kupelekwa mbele ya mahakama inayoshughulikia madai yasiyozidi shilingi milioni moja na inayotakiwa kuamua ndani ya siku 60, na mdai anaweza kujisemea bila wakili.

Kuhusu kampuni, maelezo yatakuwa mafupi, kwani kanuni yake ni nyepesi kusema ingawa ni nzito kuamini. Katika kesi ya Salomon, mtengenezaji wa viatu wa London, Mabwana wa Uingereza waliamua mwaka 1896 kwamba kampuni ikisha kusajiliwa ni mtu mbali na wenye hisa. Mwanafunzi wa Kisumu ana mfano wa nyumbani: Jaramogi Oginga Odinga, aliyewahi kufundisha Maseno, aliongoza kuanzishwa kwa Luo Thrift and Trading Corporation, iliyosajiliwa mwaka 1947, ili Wajaluo waweke akiba pamoja na kufanya biashara kwa hisa zao. Mwenye hisa wa kampuni ya namna hiyo hamiliki kiti hata kimoja cha duka lake. Anamiliki hisa tu. Madeni nayo ni ya kampuni. Sarufi ya Kiswahili inaikataa kanuni hii kwa namna ya kuchekesha. Samaki, ambaye sheria humwita bidhaa, huchukua upatanisho wa viumbe: samaki amevuliwa, samaki ameuzwa. Kampuni, ambayo sheria huiita mtu, hubaki imeshtakiwa, imeshindwa, imefilisika. Hakuna anayesema kampuni amefilisika, wala haifai kusema hivyo. Lakini mwanafunzi akumbuke kwamba mbele ya hakimu kile kinachochukua i- ndicho mtu, na kile kinachochukua a- ndicho kitu.

Neno dhamana, kwa upande wake, ni mzigo. Mshtakiwa huachiliwa kwa dhamana. Mkopaji huweka hati ya shamba kuwa dhamana. Rafiki hutoa dhamana ya deni la mwenzake. Redio huuzwa ikiwa na dhamana ya mwaka mmoja. Hayo ni mambo manne, na kila moja lina kanuni zake. Katika majibu ya mtihani, mwanafunzi anayefikiri kwa neno hili moja huyachanganya yote. Pendekezo linalofaa kujadiliwa na wanachama ni kuliacha dhamana kwa mshtakiwa, kutumia rehani kwa mali iliyofungwa kwa ajili ya deni, udhamini kwa ahadi ya kulipa deni la mwingine, na hakikisho kwa ahadi ya muuzaji kuhusu ubora. Wapo watakaopinga, hasa kuhusu rehani, kwa kuwa wengi huihusisha na mali inayoachwa mikononi mwa mkopeshaji. Pingamizi hilo lina uzito.

Katika udhamini, hata hivyo, Kiswahili hukata kuliko Kiingereza. Kifungu cha 3 cha Sheria ya Mikataba kinataka ahadi ya kulipa deni la mtu mwingine iwe kwa maandishi na itiwe sahihi na anayedaiwa. Lakini mtu akijifunga kuwa mdaiwa yeye mwenyewe tangu mwanzo, hiyo si ahadi ya kulipa deni la mwingine, na sharti hilo la maandishi halimhusu. Tofauti hii ilielezwa katika kesi ya Birkmyr na Darnell ya mwaka 1704, na wanafunzi huiona kuwa ya kinywele. Tuseme kijana anataka nyavu kwa mkopo katika duka la Kisumu, na mama yake amesimama kando. Akimwambia mwenye duka, "Mpe mwanangu, asipolipa nitalipa mimi," huo ni udhamini, na bila maandishi haudaiki. Akisema, "Mpe mwanangu, nitalipa mimi," amejifunga mwenyewe, na maneno ya mdomo yaweza kumtosha hakimu. Kinachowatenga wanawake hao wawili ni kitenzi kimoja chenye kiambishi -sipo-.

Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Tanzania ilibadilisha sheria mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Nchini Kenya, Sheria ya Mwenendo wa Madai inaruhusu Kiingereza au Kiswahili katika mahakama za chini, ila inataka ushahidi uandikwe kwa Kiingereza. Mama huyo atatoa ushahidi wake kwa Kiswahili. Kalamu itauandika kwa lugha nyingine, na iwapo mwandishi ataona kuwa "atalipa yeye" yatosha kuwa muhtasari, -sipo- haitaonekana katika kumbukumbu za kesi, na mahakama ya rufani itasoma habari za mwanamke aliyenunua nyavu.