Yule Anayeletwa Kila Mara: Somo Nililolipata Soba Hausi



Kwetu ni Gikundamvura, wilaya ya Rusizi, upande wa bonde la mpunga la Bugarama, si mbali na mpaka wa Burundi. Nilipokuwa na miaka 12, mjomba wangu alifungiwa chumbani. Alikuwa akinywa kanyanga tangu asubuhi mpaka usiku, na wazee wa familia wakakubaliana kwamba akikaa humo siku saba bila tone, huku akisomewa Qur'ani, atatoka ametubia. Siku ya pili alishikwa na degedege. Mlango ulipofunguliwa tulimkuta ameuma ulimi na shati limejaa damu. Alikimbizwa kituo cha afya kwa pikipiki, akapona, alhamdulillah. Ijumaa mbili baada ya hapo alikuja msikitini. Watu walisogea wasigusane naye bega, ingawa siku hizo hakuwa amekunywa. Ijumaa ya tatu hakuja, wala hakuja tena.

Likizo ndefu ya mwaka jana sikurudi nyumbani. Nilibaki Unguja, nikajitolea miezi mitatu kama msaidizi katika nyumba moja ya upataji nafuu, hizi ambazo wengi tunaziita soba hausi. Naandika niliyojifunza huko kwa sababu sisi tunaosoma dini ndio tunaoitwa mwanzo familia inapofikwa na mtihani huu, na mara nyingi tunakwenda na elimu nusu.

Kazi yenyewe

Msaidizi si daktari wala si mshauri nasaha. Anawaamsha wenzake kwa Alfajiri, anawahesabu, anakagua mikoba ya wageni, anafua mashuka, anampeleka mgonjwa hospitali na kuandika daftari la usiku. Wengi wa wanaoongoza nyumba hizi waliwahi kutumia unga wenyewe, na wanakijua kila kichochoro cha maradhi haya.

Kazi kubwa kuliko zote ni kukaa na mtu aliye katika arosto. Arosto ya unga huanza saa chache tu baada ya dozi ya mwisho, hupanda sana siku ya pili na ya tatu, na kwa kawaida hutulia ndani ya wiki moja au zaidi kidogo. Mtu anatapika, anaharisha, mifupa inamuuma, halali.

Usiku wangu wa nne nilipewa kijana mmoja, nitamwita Saidi, ingawa si jina lake. Alikuwa amejikunja sakafuni anatetemeka. Nikaona hii ndiyo nafasi ya daawa. Nikamsomea aya, nikamweleza adhabu ya mwenye kulewa, nikamuuliza angemjibu nini Mola wake lau angekufa saa ile. Akageukia ukutani.

Kiongozi wa zamu alikuwa mlangoni ananisikiliza. Akaniita nje. "Ustadhi, hayo unayomwambia anayajua. Kayasema mwenyewe miaka minane. Mletee maji ya uvuguvugu na ndoo, kisha kaa naye."

Nikaleta maji na ndoo, nikakaa. Karibu na Alfajiri Saidi aliniuliza kama anaweza kusali akiwa amelala. Nikamwambia ndiyo: asiyeweza kusimama anasali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa anasali kwa ubavu. Ile ndiyo faida ya kwanza ya fikihi yangu katika nyumba ile, na ilikuja baada ya kuulizwa.

Hadithi niliyokuwa nimeihifadhi

Wiki ya saba, Saidi alitoroka usiku. Ukweli ni kwamba moyoni nilisema, "Nilijua tu." Kiongozi hakusema hivyo. Aliuliza, "Nani anaijua maskani yake?" Wakatoka watatu kumtafuta. Baadaye alinieleza sababu ya haraka ile. Mwili uliokaa wiki kadhaa bila unga hauwezi tena kubeba kiasi ulichokizoea zamani. Anayerudia na kupima kwa kipimo chake cha zamani anaweza kuacha kupumua palepale. Kwa hiyo siku ya kuanguka tena ni miongoni mwa siku za hatari kabisa kwa mraibu, na sisi siku hiyo ndiyo tunayoichagua kumsusa.

Walimpata mzima. Alipoingizwa ndani, mmoja wa wakazi akasema kwa sauti, "Huyu huyu kila siku!"

Maneno yale nilikuwa nimeyasoma. Bukhari amepokea kutoka kwa Umar bin al-Khattab, radhi za Allah ziwe juu yake, habari ya mtu aliyeitwa Abdullah, kwa lakabu Himar, aliyekuwa akimchekesha Mtume, rehema na amani zimshukie. Alikuwa akiletwa kwa ulevi na kuadhibiwa. Siku moja aliletwa tena, na mtu mmoja akamlaani kwa kuwa analetwa mara nyingi mno. Mtume alikataza kumlaani, akaeleza kwamba mtu yule anampenda Allah na Mtume wake. Katika riwaya ya Abu Huraira, mlevi alipoombewa afedheheke, Mtume aliwakataza wasimsaidie shetani dhidi ya ndugu yao.

Hadithi hii niliihifadhi kwa ajili ya mtihani na nikapata alama nzuri. Sikuwahi kujiuliza mimi ni nani ndani yake. Usiku ule nilijiona: mimi ndiye yule aliyelaani.

Je, huku ni kulegeza hukumu?

Ndugu msomaji anaweza kuuliza hivyo, na ana haki. Jibu ni hapana. Mtu yule aliadhibiwa, na pombe ilibaki haramu. Kilichokatazwa ni kumtoa katika udugu. Tazama pia namna katazo lilivyoshuka: Surat al-Baqara aya ya 219, kisha an-Nisaa aya ya 43, kisha al-Maida aya ya 90 na 91. Bi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, ameeleza kuwa lau la kwanza kuteremka lingekuwa kukataza pombe, watu wangesema hawataiacha kamwe. Hukumu leo imekamilika na hakuna wa kuirudisha nyuma. Lakini moyo wa mtu mmoja bado unahitaji kuandaliwa, na tiba yake bado inahitaji muda.

Wala kumpeleka mtu hospitali si upungufu wa tawakkul. Tanzania ilianza kutoa methadoni Muhimbili mwaka 2011. Ni dawa inayotolewa chini ya usimamizi wa wataalamu, na anayeinywa asiambiwe kwamba amebadilisha ulevi kwa ulevi. Rwanda nako kuna kituo cha Isange huko Huye, na kile cha kisiwa cha Iwawa ndani ya Ziwa Kivu.

Tukiitwa, tufanye nini?

Kwanza, asifungiwe mtu. Anayekunywa pombe nyingi kila siku akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, kisha kuchanganyikiwa vibaya, na anaweza kufa. Apelekwe kituo cha afya kabla ya kuacha.

Pili, tumsitiri. Asitajwe kwenye darsa wala kwenye kundi la simu, hata kwa kisingizio cha kumwombea dua.

Tatu, tujue mpaka wetu. Kisomo chetu kiende pamoja na tiba, kisikae mahali pake.

Nne, akirudia, atafutwe siku ileile.

Desemba nilikwenda Gikundamvura. Mjomba bado anakunywa, na amekonda. Nilikaa naye nje ya nyumba yake mpaka jua likazama, nikamwomba radhi kwa siku ile ya chumbani, ingawa nilikuwa mtoto. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama kadi yake ya mituweli ingefaa hospitalini. Asubuhi tuliongozana. Sijui yatakayofuata. Najua kwamba Ijumaa iliyofuata nilisali nyuma, karibu na mlango, na nikaacha nafasi ya mtu mmoja pembeni yangu. Hakuja. Nimemwomba mdogo wangu aendelee kuiacha.

Allah awaponye wagonjwa wetu, na atusamehe sisi tuliosogea. Amin.