Panki, Kanda na Kibanda Umiza: Namna ya Kusoma Kumbukumbu za Mashabiki

Ukitaja neno "panki" pale Hedaru, kinyozi atakuuliza unataka nywele zibaki juu kiasi gani. Kwa wengi wetu panki ni mtindo wa kunyoa, basi. Lakini jina hilo limetoka kwenye muziki: muziki wa gitaa, wa haraka na wa kelele, ulioibuka New York na London katikati ya miaka ya 1970. Waliokuwa wakiupiga walikuwa vijana wengi wao hawajasomea muziki, wengine bado wanajifunza kushika gitaa. Walichokuwa nacho ni hasira, ubunifu na mashabiki wachache waliowaamini.

Sisi hatukuwa na panki ya namna hiyo. Tulikuwa na rap. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vijana wa Dar wasio na bendi wala vyombo walianza kuchana kwa Kiswahili juu ya midundo ya Wamarekani. Saleh Jabir alichukua mdundo wa "Ice Ice Baby" wa Vanilla Ice akauwekea maneno yetu. Kwanza Unit wakaungana 1993. Mr. II, ambaye leo wengi mnamwita Sugu, akatoa "Ni Mimi" 1995. Wazee waliita uhuni, kama wazee wa Uingereza walivyowaita wale wa panki.

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Hedaru na zoezi la somo la historia: kukusanya kumbukumbu za watu kuhusu muziki wa ujana wao. Nilizungumza na watu tisa, wote wana umri wa kati ya miaka 40 na 60. Naandika haya kwa sababu mwaka wa tatu wengi wetu tunaingia kitaa na daftari na simu ya kurekodia, halafu tunarudi na stori ambazo hatujui tuzifanyie nini. Hoja yangu ni moja: kumbukumbu ya shabiki ni ushahidi dhaifu kuhusu msanii, lakini ni ushahidi mzito kuhusu namna muziki ulivyofika na ulivyoishi mahali. Ukiiuliza swali lisilo lake, itakupoteza.

Watu 40 waliogeuka maelfu

Tuanze mbali kidogo. Tarehe 4 Juni 1976, kundi la Sex Pistols lilipiga kwenye ukumbi mdogo wa Lesser Free Trade Hall, mjini Manchester. Inakadiriwa waliohudhuria walikuwa kama 40 tu. Baadhi yao walikuja kuunda makundi makubwa, Joy Division likiwamo. Onyesho lilipopata sifa, watu waliodai "nilikuwepo" wakaongezeka mwaka hadi mwaka, mpaka ukumbi ule usingeweza kuwabeba hata robo yao. Mwandishi David Nolan aliandika kitabu kizima akijaribu kutafuta nani alikuwemo kweli. Mwaka 2002 filamu ya "24 Hour Party People" ikaigiza usiku ule, na bila shaka wapo wanaoukumbuka kupitia filamu hiyo.

Wale waliodai si lazima wawe waongo. Mtu akisikia habari mara mia, akaona picha, akaangalia filamu, akili inaanza kumpa kiti ukumbini. Mwanahistoria anayetaka orodha ya waliohudhuria ataona maelfu hao ni takataka. Anayetaka kujua onyesho lile lilikuja kumaanisha nini kwa mji mzima, hao hao ndio ushahidi wake.

Muziki ulishuka kwenye basi

Sasa turudi Hedaru. Ni mji mdogo wilaya ya Same, chini ya milima ya Upare ya kusini, kwenye barabara kuu ya kutoka Dar kwenda Moshi na Arusha. Kumbuka hali ya miaka ile. Televisheni ya Bara ilianza 1994, ilipokuja ITV, ingawa Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Radio One nayo ilianza 1994. Kabla ya hapo Bara ilikuwa na Redio Tanzania tu, na Redio Tanzania ilijali zaidi dansi, kwaya na taarab kuliko kijana anayechana.

Basi rap ilifikaje? Watu saba kati ya tisa walinitajia kitu kimoja bila kuulizwa: basi. Dereva alikuwa na redio ya kanda. Basi likisimama dakika kumi kushusha mizigo, vijana wanasogea dirishani kusikiliza. Kondakta mwenye moyo aliazimisha kanda, ikadurufiwa usiku, akaikuta kesho yake akirudi. Mwenye redio ya midomo miwili, yaani yenye nafasi ya kanda mbili, alikuwa mtu mkubwa mtaani. Ulimpelekea kanda tupu ya dakika 60 na hela kidogo, yeye akakupa Kwanza Unit upande A na nyimbo za Bolingo upande B.

Hapa kuna jambo ambalo mashabiki hawalisemi kwa hiari. Kanda zile karibu zote zilikuwa nakala, na msanii hakupata hata senti. Sheria ya hakimiliki iliyoanzisha COSOTA ilikuja 1999. Shabiki anakumbuka upendo wake, na upendo ulikuwa wa kweli, lakini ndio huo huo uliomnyima msanii hela ya kula. Utafiti mzuri unaandika yote mawili, hauchagui lililo tamu.

Fundi na mwaka wa 1992

Fundi mmoja wa redio aliniambia kwa uhakika kabisa kwamba alimwona Mr. II kwenye televisheni ya duka moja mjini Same mwaka 1992. Haiwezekani. Mwaka huo Bara hatukuwa na kituo, na albamu ya kwanza ya Mr. II ilikuwa bado miaka mitatu.

Ungeweza kumfuta kwenye daftari hapo hapo. Mimi nilimwacha aendelee. Aliikumbuka rangi ya duka, watu waliosimama nje kwa sababu mwenye duka hakutaka wasionunua waingie, na spika aliyokuwa ameibeba begani akiogopa kuiweka chini kwenye tope. Tope? Same ni sehemu kavu, kila mtu anajua. Nikamuuliza:

"Kaka, tope hilo lilikuwa la mvua ipi?"

Akafikiri. "Ah, ile El Niño bwana. Barabara zilikatika."

Mvua za El Niño zilikuwa mwishoni mwa 1997 hadi mwanzoni mwa 1998. Mwaka 1998 ndipo ilipotoka "Niite Mr. II", albamu yenye wimbo wa "Hali Halisi". Mwaka ulikuwa umemponyoka, tope halikumponyoka. Tangu siku hiyo sikuuliza tena "ilikuwa mwaka gani?" Niliuliza: ni kabla au baada ya MV Bukoba kuzama (Mei 1996)? Kabla au baada ya uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi (1995)? Mwalimu alikuwa hai (alifariki Oktoba 1999)? Watu wetu hawahesabu maisha kwa kalenda. Wanahesabu kwa misiba, mvua, uchaguzi na watoto.

Filamu bila picha

Swali la filamu lilinipa jibu ambalo sikulitegemea. Karibu kila mwanaume niliyeongea naye alitaja filamu za breakdance, hasa "Breakin'" na "Beat Street", zote za 1984. Walizionea kibanda umiza miaka kadhaa baada ya kutoka: deki moja, jenereta nje, mabenchi, jasho. Wakitoka wanatandika maboksi chini na kuzunguka kwa mgongo mpaka mashati yanachanika.

Wanawake je? Mama mmoja anayeuza chai na vitumbua karibu na stendi alinijibu baada ya shikamoo na marahaba: "Mwanangu, msichana gani angeingia mle? Ungeingia, kesho mji mzima unakusema." Yeye na wenzake walisimama nyuma ya ukuta wa mabati. Alizijua filamu hizo kwa masikio: muziki, viatu vinavyokwaruza, wavulana wanaopiga kelele. Miondoko walijitungia wenyewe kwa kusikia, wakaicheza uani.

Nilimwonyesha kipande cha "Breakin'" kwenye simu. Alitazama kama dakika mbili bila kusema neno. Kisha akasema, "Kumbe ni wadogo hivi," akageuza vitumbua vyake.

Kama ningeandika tu kwamba "vijana wa Hedaru waliona filamu za breakdance", ningekuwa nimemfuta mama huyu na wenzake wote. Hawakuona. Walisikia, na wakacheza.

Hapo nilimkumbuka Poly Styrene, mwimbaji wa X-Ray Spex, miongoni mwa wanawake wa mwanzo kabisa wa panki ya Uingereza. Baba yake alikuwa Msomali. Aliwaona Sex Pistols huko Hastings siku alipotimiza miaka 19, Julai 1976, kisha akaanzisha kundi lake. Yeye aliingia ndani ya ukumbi. Alifariki 2011, na miaka kumi baadaye binti yake, Celeste Bell, alishiriki kuongoza filamu kuhusu mama yake, akipitia vitu vilivyobaki: picha, shajara, mashairi. Filamu ile iliwezekana kwa sababu kuna mtu alitunza maboksi.

Si kila filamu ya muziki ni ya kuaminiwa. "Bohemian Rhapsody" ya 2018, kuhusu Freddie Mercury aliyezaliwa Zanzibar, inaonyesha akiwaambia wenzake ugonjwa wake kabla ya tamasha la Live Aid la 1985, wakati watu wake wa karibu wanasema aliujua 1987. Filamu ilihitaji machozi mahali fulani, ikayapata. Shabiki aliyeiona jana atakusimulia hivyo hivyo kana kwamba alikuwepo.

Utepe shambani

Mwalimu mmoja wa sekondari alinionyesha kaunta buku aliyoandika nyimbo enzi hizo: anacheza kanda, anasimamisha, anaandika, anarudisha. Ya kwanza baba yake aliichana. Hii ya pili ilifichwa kwenye gunia la mahindi. Kwenye wimbo mmoja alibadili jina la mtaa wa Dar akaweka la kwao. Nilimwomba ruhusa kuipiga picha, akakubali kwa sharti nisimtaje jina. Sharti la mwenye kumbukumbu ni amri.

Lakini mzee aliyekuwa na redio ya midomo miwili, yule aliyewadurufia karibu wote, alifariki kabla sijafika. Nilienda kwake kutoa pole na kuulizia kanda. Familia ikanipeleka shambani. Utepe wa kanda ulikuwa umefungwa kutoka mti hadi mti juu ya mtama. Upepo ukiupiga unalia, ndege wanakimbia. Siwalaumu, mtama ni chakula. Ila ndani ya utepe ule huenda kulikuwa na rekodi ambazo hazipo YouTube wala maktaba yoyote.

Hii ndiyo sababu jambo hili si la likizo tu. Tukiandika tasnifu kwa kutumia vilivyopo mtandaoni pekee, historia ya muziki wetu itakuwa historia ya studio za Dar. Hedaru, Mombo, Mwanga na Makanya watabaki wasikilizaji wasio na majina.

Ukiingia kitaa

Kwa anayejiandaa na utafiti wake, nashauri haya:

1. Anza na kitu, usianze na msanii. Uliza kanda, redio, betri, daftari. Kitu kinavuta kumbukumbu.
2. Tafuta mwaka kupitia tukio kubwa, kisha linganisha na tarehe zinazojulikana.
3. Uliza muziki ulipita njia gani mpaka ukamfikia.
4. Tafuta aliyekuwa nje ya ukuta, hasa wanawake.
5. Kosa la kumbukumbu usilifute. Liandike, na uandike umelijuaje.
6. Kanda ukiikuta, omba ruhusa uinakili hiyo hiyo wiki. Usisubiri boom.

Maswali ya kujadili

(a) Je, shabiki aliyenunua kanda ya kudurufu alimjenga msanii au alimbomoa? Toa ushahidi wa pande zote.
(b) Chagua filamu moja ya muziki uliyoiona. Taja jambo moja unalolikumbuka kutoka kwenye filamu kana kwamba ulilishuhudia. Utalihakiki vipi?
(c) Nyumbani kwenu nani alikuwa na redio ya kanda, na kanda zake ziko wapi leo?