Unauza Seiko 5 ya zamani? Igeuze kwanza

Seiko 5 mbili zinaweza kufanana kabisa kwenye picha, lakini bei zikaachana mbali. Mimi nikishika moja, kabla sijapanga bei naangalia vitu vitatu:

1. MASHINE. Mgongoni kuna namba yenye kistari, mfano 7009-3130. Nne za mwanzo ndiyo mashine. 7S26 ilianza 1996. 7009 ni ya kabla yake. Zote zinajijaza mkono ukitikisika tu. 4R36 ni ya juu zaidi: unaweza pia kuijaza kwa kitufe.

2. MWAKA. Tafuta namba ya tarakimu 6. Ya kwanza ni mwisho wa mwaka, ya pili ni mwezi (O ni Oktoba, N Novemba, D Desemba). Ukikuta 8D kwenye 7S26, hiyo ni Desemba 1998, 2008 au 2018. Haiwezi kuwa 1988! Ukiitangaza hivyo, anayejua atakurudishia, na jina lako limeharibika.

3. USO. Chini kabisa kuna maandishi madogo sana. Kwa kawaida yanaanza na namba ileile ya mashine. Hayapo, au rangi inang'aa kupita kiasi? Huenda uso umepakwa upya. Wakusanyaji wanalipa zaidi uso halisi uliochakaa kidogo kuliko uliopakwa.

Piga picha ya uso na ya mgongo, namba zisomeke. Kama kuna kilichobadilishwa, kiandike kwenye tangazo. Bei itashuka kidogo, ila mzigo haurudi.