Dondoo muhimu: Kabla hujaanza uzamivu wa isimu

Tafuta msimamizi kwanza, chuo baadaye. Soma makala zake za karibuni. Kama yeye amebobea katika sintaksia na wewe unataka toni za Kisukuma, mtasumbuana hata awe na jina kubwa kiasi gani.

Punguza mada mpaka libaki swali moja. "Mofolojia ya Kihehe" ni kazi ya maisha mazima. Mfuatano wa viambishi vya unyambulishaji katika kitenzi chake unatosha tasnifu.

Pata kibali cha utafiti. Kenya, hutolewa na NACOSTI. Tanzania, mtafiti wa kutoka nje hupitia COSTECH. Omba mapema.

Uwandani ndiko kazi ilipo. Rekodi kwa WAV. MP3 hubana sauti na kupoteza taarifa ambazo huenda ukazihitaji utakapopima toni kwa Praat, programu ya bure kama ilivyo ELAN ya unukuzi. Hifadhi nakala mahali pawili jioni ileile. Dakika moja ya mazungumzo yaweza kula saa nzima ya kunukuu, kwa hiyo nukuu ukiwa bado kijijini, maana bibi aliyelitamka neno lile yupo hapo na atakueleza. Mlipe kwa muda wake, mtaje kwenye tasnifu akiridhia, mpelekee rekodi zake. Wengi huondoka na daftari zilizojaa wasirudi tena, na jambo hilo linaniuma sana, kwa sababu lugha ni yao.

Chapisha kabla hujamaliza. Kioo cha Lugha, jarida la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, huchapisha makala za isimu kwa Kiswahili.